Kompyuta ya Ofisi Nzito kwa Anayetumia Kisoma Skrini: Tafuta Kwanza Nani Anachelewa

Mwenye macho akisema kompyuta yake nzito, anamaanisha amebofya na skrini haijabadilika. Sisi tunaofanya kazi kwa masikio tuna foleni mbili. Kwanza kompyuta itende, halafu kisoma skrini, ile programu inayotamka yaliyo kwenye skrini, kiseme. Skrini inaweza kuwa imeshabadilika kitambo na sauti bado iko njiani. Fundi anaitwa, anakaa, anasogeza kipanya, anafungua folda mbili tatu, anasema "mbona iko poa tu?" na kuondoka. Akiwa mbaya zaidi anaamua mkosaji ni NVDA, yaani kisoma skrini chenyewe, anaiondoa, halafu anashangaa kwa nini mwenye mashine hawezi tena kufanya kazi.

Haya ni kwa wenzangu wa ofisi za huku Kusini, kuanzia Mtwara, Masasi na Newala hadi Nachingwea, Lindi na Kilwa, ambako mashine nyingi zimeshachoka kwenye meza nyingine kabla ya kufika kwetu. Nazungumzia Windows na NVDA, kwa sababu NVDA ni ya bure na ndiyo iliyoenea. Wa JAWS, kisoma skrini kingine cha kulipia, nao watapata yao, maana magonjwa mengi ni yaleyale. Nikisema "kitufe cha NVDA" ni Insert, au Caps Lock kama umeiweka hivyo.

Jaribu hivi kabla ya kumwita mtu

Gonga NVDA+F12. Itakusomea saa. Jibu hilo halitegemei Excel, Word wala ukurasa wa intaneti uliofungua. Saa ikija papo hapo huku Excel ikikusubirisha, basi kisoma skrini ni kizima na sauti ni nzima, tatizo liko kwenye Excel au kwenye faili lenyewe. Saa nayo ikichelewa, shuku sauti au kompyuta nzima.

Kisha fungua Notepad: Windows+R, andika notepad, Enter. Andika sentensi moja kwa kasi yako ya kawaida. Herufi zinatakiwa zisikike kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Programu hiyo ni nyepesi mno, kwa hiyo ikichelewa pale usipoteze asubuhi yako kurekebisha Word.

Badilisha sauti. NVDA+Ctrl+S inafungua orodha ya mashine za sauti. Chagua eSpeak NG. Najua wengi hawaipendi, inasema kama mtu aliyeingia ndani ya pipa. Lakini ni nyepesi, inajibu haraka kuliko nyingi, na Kiswahili inakisoma. Kama mashine imechangamka ghafla baada ya kubadilisha, mwizi umeshampata: ni ile sauti nzuri uliyokuwa unaitumia.

Sasa mpe zamu Narrator, kisoma skrini kinachokuja na Windows yenyewe. Gonga Ctrl+Windows+Enter, vumilia sekunde chache za sauti mbili kugombana, halafu NVDA+Q na uchague Exit. Tembea kwenye menyu na folda. Narrator nayo ikikokota, NVDA haina kesi. Kurudi, zima Narrator kwa vitufe vilevile, kisha Ctrl+Alt+N kuiamsha NVDA.

La mwisho katika kundi hili ni nyongeza (add-ons), vijiprogramu vinavyopachikwa ndani ya NVDA. NVDA+Q, shuka kwenye orodha hadi "Restart with add-ons disabled", Enter. NVDA itarudi bila nyongeza yoyote uliyowahi kuiweka. Ikiwa nyepesi, ingia kwenye duka la nyongeza uzizime moja moja hadi uipate inayosumbua. Watu hukusanya nyongeza kwa sababu rafiki kasema ni nzuri, wakazisahau. Miaka miwili baadaye bado zinafanya kazi chinichini.

Nzito kila mahali, tangu inapowashwa

Hapa zana bora kwa asiyeona ni dirisha la amri, kwa sababu majibu yake ni maandishi matupu. Task Manager ipo, Ctrl+Shift+Esc, lakini orodha yake hupanda na kushuka wakati unaisoma, na unaweza kusoma jina la programu moja na namba ya nyingine.

Windows+R, andika cmd, Enter. Halafu andika:

systeminfo | clip

Subiri kidogo, fungua Notepad, Ctrl+V. Sasa una maelezo yote ya mashine na unashuka mstari kwa mstari kwa mshale. Tafuta mitatu. "System Boot Time" ni lini Windows iliwaka upya kweli. "Total Physical Memory" ni ramu yote. "Available Physical Memory" ni iliyobaki huru sasa hivi.

Huo mstari wa kwanza huwaacha watu midomo wazi. Karani anaapa kwamba huzima kompyuta kila siku saa tisa na nusu akitoka, lakini mashine inasema haijaanza upya kwa wiki tatu. Wote wawili wanasema kweli. Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup: ukichagua "Shut down", sehemu ya ndani kabisa ya Windows huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa ilivyo kesho yake, pamoja na uchovu wake wote. "Restart" ndiyo inayofuta kila kitu kwenye ramu na kuanza upya. Kwa hiyo Ijumaa kabla ya kuondoka, chagua Restart badala ya Shut down, iwake, ndipo uizime. Nimeona mashine zilizokuwa zinapelekwa kwa fundi zikipona kwa hilo tu.

Kuhusu ramu: kiwango cha chini kabisa cha Windows 11 ni GB 4, na hicho ni kiwango cha kuwaka, si cha kufanyia kazi. Kivinjari, Excel na kisoma skrini vikiwa pamoja, GB 4 hujaa kabla ya chai ya saa nne. GB 8 unafanya kazi kama binadamu.

Kujua nani anakula ramu, andika kwenye dirisha lilelile:

tasklist /fi "memusage gt 200000"

Hiyo inaleta programu zinazotumia zaidi ya kilobaiti 200,000 tu, yaani kama MB 200, ili usisomewe orodha ya mamia. Utakuta msedge.exe au chrome.exe zimejirudia mara nyingi; kivinjari hugawa kazi yake katika vipande vingi, na kadiri vichupo vinavyoongezeka ndivyo vipande vinavyoongezeka. MsMpEng.exe ni antivirusi ya Windows. OneDrive.exe inapandisha mafaili mtandaoni. Mara nyingi nvda.exe haitokei kabisa kwenye orodha hiyo. Inakili, uihifadhi: siku fundi atakaposema "toa hili liprogramu linalosema-sema ndilo linakula mashine", mpe asome mwenyewe.

Ukikuta antivirusi mbili zinakagua kwa wakati mmoja, kwa mfano moja iliyokuja na mashine na nyingine iliyowekwa na mtu wa zamani, moja iondoke. Zikiwa mbili, kila faili unalofungua hukaguliwa mlangoni na walinzi wawili wasioaminiana.

Halafu diski. Tafuta PowerShell kwenye menyu ya Start, ifungue, andika:

Get-PhysicalDisk | Format-List FriendlyName, MediaType, HealthStatus

MediaType ikisema HDD, hiyo ni diski ya zamani yenye sahani inayozunguka na kichwa kinachorukaruka kutafuta data. Asubuhi Windows, antivirusi, OneDrive na NVDA vyote vinataka kusomwa kwa wakati mmoja, na kichwa hicho hakiwezi kuwa sehemu mbili. Mwenye macho anaona angalau picha ya Windows na kipanya kinatembea. Wewe umekaa kimya unajiuliza kama imewaka. Ikisema SSD, ile diski mpya isiyo na sahani ya kuzunguka, tafuta sababu nyingine. HealthStatus ikiwa chochote tofauti na Healthy, acha mengine yote, nakili kazi zako kwanza.

Nikiulizwa ofisi inunue kitu kimoja tu kwa mashine yenye HDD, nasema SSD kabla ya ramu, isipokuwa kama ramu iko chini ya GB 4. Fundi akienda kununua ramu, ajue kwanza mashine inatumia ramu ya aina gani, DDR3 au DDR4, maana haziingiliani.

Yanayobaki hapa hayahitaji hela. Windows+R, andika ms-settings:startupapps, na uzime programu zinazojiwasha bila kuulizwa: Tab hadi kwenye jina, Space kuzima. Usiguse chochote kinachohusu sauti, kwa mfano Realtek. Kisha Windows+R, SystemPropertiesPerformance, chagua "Adjust for best performance". Hiyo inaondoa vivuli na madirisha yanayoteleza, mapambo ambayo wewe hayakuhusu. Kama mnatumia mashine kwa zamu na mwenzako anayeona, rudisha alama kwenye "Smooth edges of screen fonts", la sivyo atalalamika herufi zimekuwa na meno. Na diski C ikikaribia kujaa, cleanmgr itakusaidia kufagia, ingawa mara nyingi taka kubwa ni video za WhatsApp zilizorundikana kwenye Downloads.

Mashine inajibu, sauti ndiyo mbovu

Silabi ya kwanza inamezwa. Hii ni ya hedifoni za Bluetooth na baadhi ya spika zinazolala zikikaa kimya sekunde chache. Usiichukulie kama usumbufu mdogo. Kisanduku kinasema "not checked", wewe unasikia "checked", unagonga Enter, na fomu ya mtu imekwenda ikiwa na jibu la kinyume. Tumia hedifoni ya waya kazini. Kama huna, matoleo ya karibuni ya NVDA yana mpangilio, kwenye sehemu ya Audio, wa muda wa kuiweka njia ya sauti macho baada ya kusema, uongeze.

Sauti inakwaruza au kukatikakatika katikati ya neno. Kama inatokea pale tu mashine inapokuwa na shughuli nyingi, rudi juu kwenye ramu na diski. Kama ni muda wote, nenda Settings, System, Sound, chagua spika zako na uzime "Audio enhancements". Watengenezaji wa kompyuta huweka humo vionjo vya kunogesha muziki, na vionjo hivyo huchelewesha usemi.

Kila kitu kinasemwa mara mbili, au kwa mwangwi. Kuna visoma skrini viwili vinavyofanya kazi pamoja, kwa kawaida Narrator iliyowashwa kwa bahati mbaya na NVDA. Ctrl+Windows+Enter.

Unaandika, na herufi zinasemwa zikiwa nyuma yako kwa neno zima. Zima kusema kila herufi kwa NVDA+2, baki na kusema maneno kwa NVDA+3. Anayeandika haraka hahitaji kusomewa herufi.

Halafu kuna ule uzito wa uongo: kompyuta inajibu mara moja, ila inaongea mno. Inakusomea jina, aina, namba ya nafasi, maelezo, njia ya mkato. Gonga Ctrl kuikatisha, usiisubiri imalize kama vile ni hotuba ya mgeni rasmi. Kwa NVDA+Ctrl+V unaingia kwenye mipangilio ya sauti. eSpeak ina "Rate boost" inayoongeza kasi kuliko kipimo cha kawaida kinavyoruhusu. Ongeza kidogo kidogo, sikio litazoea.

Anayetumia kipengele cha kusoma kwa sauti cha kivinjari cha Edge, zile sauti za Kiswahili za Tanzania, Rehema na Daudi, ajue zinatoka mtandaoni. Zikikawia, angalia bando kabla ya kulaumu mashine.

Excel, msimu wa korosho

Minada ya korosho ikianza, kwa kawaida Oktoba, ofisi nyingi za huku huishi ndani ya Excel: majina ya wakulima, kilo, daraja, makato, malipo. Ndipo simu zinapoanza. Dada mmoja wa chama cha msingi alinipigia: "Kaka, nikishuka mshale mmoja, nasikia jina baada ya kumeza mate mara mbili. Ina wakulima mia nne tu hii."

Nikamwambia agonge Ctrl+End. Kimya, halafu NVDA ikasoma anwani ya seli: safu ya mbali, mstari wa 1048576. Huo ndio mstari wa mwisho kabisa ambao Excel inao. Mtu fulani, msimu fulani, alichagua safu nzima akaipaka rangi au kuimwagia fomula hadi chini, na faili hilo limekuwa likinakiliwa mwaka hadi mwaka likibeba mistari milioni moja mitupu. Anayeona haoni kitu. Kule chini ni weupe tu.

Dawa yake, baada ya kutengeneza nakala ya faili: nenda kwenye mstari wa kwanza mtupu baada ya mkulima wa mwisho. Shift+Space kuchagua mstari, Ctrl+Shift+mshale wa chini kuchagua hadi mwisho, Ctrl na alama ya kutoa kufuta. Hifadhi, funga, fungua tena, jaribu Ctrl+End. Ikitua karibu na mkulima wa mwisho, umeshinda. Ukibonyeza Delete peke yake hufuti kitu cha maana: maandishi yanatoka, rangi na mipaka inabaki, na uzito unabaki.

Bado nzito? Angalia rangi zinazojibadilisha kufuatana na thamani. Kila unapobandika kutoka faili jingine, kanuni hizo hujizalia nyingine. Alt, kisha H, L, C, E, kimoja baada ya kingine, inazifuta kwenye karatasi nzima. Mwulize kwanza bosi kama rangi hizo ana kazi nazo, maana wapo wanaosoma ripoti kwa rangi.

Fomula zinazovuta kutoka kwenye faili jingine zina ugonjwa wao. Dalili: faili linakawia kufunguka, halafu linauliza kuhusu "Update". Faili hilo jingine pengine liko kwenye kompyuta ya mhasibu ambayo leo haijawashwa, na Excel inamgongea mlango mtu ambaye hayupo. Chagua "Don't Update", na ukipata muda zibadilishe fomula hizo kuwa thamani.

Kama kila ukiingiza namba mashine inafikiri kwanza, zima kukokotoa kwa papo hapo: Alt, M, X, M. Kuanzia hapo ni F9 ndiyo itakayokokotoa. Njia hii naitoa kwa shingo upande. Hali hiyo huambukiza mafaili mengine unayoyafungua wakati huohuo, na karatasi ya malipo ikichapwa kabla ya F9, wakulima watalipwa kwa hesabu za jana. Ukimaliza kuingiza, irudishe: Alt, M, X, A.

Kwa upande wa NVDA, ingia mipangilio yake, sehemu ya Advanced, uone kama kuna aliyewasha kutumia UI Automation, njia nyingine ya kuisomea Excel, kwenye karatasi zake. Kwa kawaida huwa imezimwa. Iliyowashwa na mjuaji mmoja aliyesoma mahali fulani, izime. Na kazi usiifanyie ndani ya flashi: ihamishie Documents, fanya, halafu rudisha nakala. Flashi ni polepole, na kwa ofisi zetu ndiyo daladala ya virusi.

Word na PDF

Kwenye Word, gonga NVDA+Ctrl+D. Inafungua yale ambayo NVDA hutangaza kuhusu maandishi: fonti, rangi, makosa ya tahajia, mabadiliko. Zima usiyoyahitaji kwa kazi ya leo. Moja hasa, kutangaza mabadiliko ya mpangilio baada ya kishale, NVDA yenyewe imeandika pembeni yake kwamba inaweza kuchelewesha. Tahajia nayo haina faida kwenye muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa Kiswahili kama Word imewekewa Kiingereza: kila neno ni kosa, na kila kosa linatangazwa. Nyaraka ndefu zenye picha na mihuri zifungue kwa mwonekano wa Draft: Alt, W, E.

PDF ya kurasa mia tatu kwenye Adobe Reader hukaa ikitayarishwa kwa ajili ya kisoma skrini. Kwenye mipangilio yake ya usomaji chagua isome kurasa zinazoonekana tu. Kama baada ya kusubiri sana unaambiwa ukurasa ni mtupu, hiyo ni picha iliyoskaniwa, haina maandishi ndani, na hakuna kasi itakayoitibu. Rudi kwa aliyeituma, omba faili asilia.

Mifumo ya mtandaoni

Tenga mtandao na mashine. Kwenye dirisha la amri andika ipconfig, tafuta "Default Gateway", kisha andika ping, acha nafasi, na namba hiyo. Majibu yakiwa ya milisekunde chache, njia ya kufikia ruta ya ofisini ni nzima. Halafu ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje huko. Hapo ikisoma mamia mengi ya milisekunde, au "Request timed out", tatizo liko nje ya ukuta wa ofisi. Tunaoishi na mtandao wa Afrika Mashariki tunakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Wiki ile hakuna mpangilio wa NVDA ambao ungesaidia.

Mtandao ukiwa mzuri na ukurasa mzito, punguza ukurasa. NVDA husoma ukurasa wote na kuutengenezea nakala yake kabla hujaanza kutembea, kwa hiyo jedwali la mistari mia tano linakugharimu hata kama unataka mstari mmoja. Mifumo mingi ina sehemu ya kuchagua mistari mingapi ionyeshwe. Weka 10 au 25, na tumia kisanduku cha kutafuta. Tembea kwa herufi: H kwa vichwa, T kwa majedwali, E kwa visanduku vya kuandikia. NVDA+F7 ni nzuri ila kwenye ukurasa mkubwa inakawia kufunguka.

Na kama ofisi inatumia bando la simu, ingia mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi uuwekee alama ya "Metered connection". Bila hivyo Windows inaweza kuamua kushusha masasisho saa tano asubuhi ukiwa katikati ya fomu.

Asubuhi nyepesi, mchana nzito

Hii ni joto au umeme. Kuanzia Desemba hadi Machi, jua la Mtwara na ule unyevu wa baharini havina huruma, na chumba cha masijala mara nyingi hakina kiyoyozi. Prosesa ikipata joto sana hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Weka kiganja kwenye matundu ya hewa. Hewa ikitoka ya moto kali kwa nguvu, feni inapambana; ikiwa moto na hewa haitoki, vumbi limeziba. Sisi tuna faida hapa, tunazisikia mashine kabla hazijafa. Feni inayopiga kelele tangu saa mbili asubuhi, au diski inayogonga tik, tik, kimya, tik, inatoa taarifa. Ile ya feni inasubiri fundi mwenye brashi na blowa. Ile ya diski haisubiri: nakili mafaili sasa hivi.

Kompyuta mpakato isilazwe juu ya kitambaa cha meza cha kufuma, kinaziba matundu ya chini. Chaja ya kuokoteza nayo ina mambo yake: baadhi ya kompyuta, Dell ni mfano, zikishindwa kuitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi, na hakuna ujumbe utakaousikia baada ya kuwaka. Linganisha kasi ukiwa na chaja halisi. Kisha andika powercfg /getactivescheme kwenye dirisha la amri. Ikijibu "Power saver", umeupata mchawi, nenda Power Options uweke Balanced.

Imenyamaza kabisa

Usikimbilie kitufe cha kuzimia. Gonga Windows+Ctrl+Shift+B. Vitufe hivyo huwasha upya kiendeshi cha picha, na mara nyingi hutoa mlio mfupi. Ukiusikia, Windows iko hai na aliyelala ni kisoma skrini tu. Gonga Ctrl+S kama ulikuwa na kazi wazi, halafu Ctrl+Alt+N, uhesabu hadi ishirini kabla ya kugonga tena. Kugonga mara saba kwa hasira ni kuongeza foleni.

JAWS inayonyamaza kila baada ya dakika 40 haiumwi. Ni toleo lisilo na leseni, na ndivyo ilivyotengenezwa. JAWS iliyovunjwa leseni kutoka kwenye flashi ya rafiki, mimi siifungulii mlango. Inakuja na wageni wengine, halafu mnakaa mnajiuliza kwa nini kompyuta nzito.

Ukiandika kwa TEHAMA

"Kompyuta nzito" ni maneno ambayo afisa TEHAMA huyasikia kutwa nzima, na hayamwambii aanzie wapi. Mpe vipimo ulivyopata. Ukihitaji nguvu ya sheria, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na kumwajiri mtu bila kumpa mashine inayosema si kumwajiri. Lakini anza kwa ustaarabu, kwa mfano hivi:

"Habari za kazi, Afisa. Kompyuta ya masijala ina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Ramu ni GB 4, diski ni HDD. Saa inasomwa mara moja nikigonga NVDA+F12, na Notepad ni nyepesi, kwa hiyo kisoma skrini ni kizima. Baada ya kuwaka, programu nyingine zinakawia kufunguka, na Narrator nayo inakawia vilevile. Nimeambatanisha systeminfo na orodha ya tasklist. Naomba SSD, na ramu ifike GB 8 kama mashine inakubali. Kama haikubali Windows 11, basi tuangalie nyingine. Wakati wa matengenezo naomba NVDA isiondolewe, na kama Windows itawekwa upya, naomba NVDA iwekwe kabla mashine haijarudishwa mezani kwangu."